Reli ya Baba Inarudia Kazi

Katuba, Lubumbashi

Kwako yaya Chama, mukubwa yangu, ku Sakania,

Jambo sana. Huku mvua ilichelewa, mahindi yangu yote ilikauka. Mashini ya kushona inatumika tena muzuri.

Unakumbuka ile reli mufupi yenye baba alifanyia kazi, ya kupeleka mavagon, yale mabehewa ya mizigo, kutoka ku usine, kile kiwanda cha asidi, mupaka ku gare kubwa ya treni? Yote ni kilometa ine. Baliifunga mwaka yenye mavagon ilikimbia ku mutelemuko na kuua bamama ba soko yenye iko chini. Sasa kampuni ingine imeifungua, na bwana yangu Paulin bamemupa kazi ya kushika frein, ni kusema breki.

Baba alienda kuona shefu wa kampuni. Alimuambia: "Pale ku mutelemuko frein haishikake. Mimi nilikuwa pale."

Shefu alicheka. "Mzee, ile ilikuwa zamani."

Tangu siku ile, kila asubui baba anaenda ku soko kuomba bamama basogeze meza zao. Banamuona kama muzee mwenye kuchanganyikiwa.

Leo balijaribu ile reli. Mavagon ilisimama hatua mbili mbele ya meza ya kwanza. Bantu balipiga makofi. Paulin alirudia ku nyumba. Nilimuomba aache ile kazi.

"Nikiacha," alisema, "bataweka muntu asiyejua ule mutelemuko."

Yaya, leo mavagon ilikuwa tupu. Kesho itajaa asidi, na nyumba yetu iko nyuma ya soko. Batoto yetu batapanda basi ya kesho asubui kuja kwako na hii barua. Ubapokee, usibaulize kitu.

Mudogo yako,
Syntiche