Baba, Wosia Wako Umesimama

Baba yangu,

Mpunga wa Mwamkulu tumeshauvuna, na shamba ni la Mama. Nimeona nikuambie hilo kwanza.

Unakumbuka ile Jumamosi uliyoniita kutoka Kasokola ninakofundisha, ukataka twende wote kwa wakili? Nilikukatalia. Nilisema, "Baba, kuandika wosia ni kujiitia kifo." Ukacheka, ukaenda na Mama na Bwana Rajabu, jirani yetu mwenye duka la spea za baiskeli. Sikukuomba radhi hata siku moja. Nisamehe.

Siku ya kuanua matanga yako, Baba Mkubwa aliitisha kikao cha ukoo. Akasema shamba linarudi kwa ukoo, nyumba ya Kawajense iuzwe, na Mama arudi kwao Inyonga akapumzike. Akapumzike! Mwanamke aliyelima na wewe akiwa amenibeba mgongoni, halafu akambeba mdogo wangu Anjela. Mimi mwalimu wa watu nikainama tu.

Mama akasimama. Huyu Mama ambaye mbele ya shemeji zake husalimia kwa goti, basi. Akasema, "Shemeji, mume wangu ameacha maneno yake. Nilikuwepo akisaini." Akaingia ndani, akatoka na bahasha, akampa Bwana Rajabu aisome.

Shamba ni la Mama. Nyumba isiuzwe mpaka Anjela amalize masomo, na kodi ya vyumba vya uani imlipie ada. Msimamizi wa mirathi ni mimi. Mimi niliyekukatalia! Nililia pale pale. Watu walidhani ni uchungu wa msiba, kumbe ilikuwa aibu na furaha kwa pamoja.

Baba Mkubwa alisema karatasi imeghushiwa, akaenda kuweka pingamizi mahakamani. Tuliitwa huko mara tatu. Wakili alileta nakala aliyobaki nayo, na Bwana Rajabu kila mara alifunga duka akaja kutoa ushahidi. Hakimu aliposema wosia ni halali, Mama alipiga kigelegele mle mle ndani. Karani akamnyamazisha. Akapiga cha pili! Baba, ungemwona.

Sasa hati ya shamba ina jina lake. Ameiweka kwenye sanduku la vitenge, na akija mgeni lazima aitoe amwonyeshe. Anjela yuko kidato cha tatu, ametuzidi wote urefu.

Halafu sikia hili. Juzi Baba Mkubwa alikuja nyumbani. Tangu mahakamani tulikuwa hatusalimiani. Alikaa kwenye benchi, akanywa maji, akakohoa weee. Mwisho akasema, "Shemeji, yule wakili wa mdogo wangu anapatikana wapi? Nina mabinti watatu. Sitaki nikifa wafanyiwe kile nilichotaka kukufanyia wewe."

Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kumrushia, Baba, makali. Mama hakunipa nafasi. Alinigeukia.

"Skola," akasema, "Jumatatu mpeleke baba yako."

Baba yako. Ndivyo alivyomwita.

Nitampeleka. Na Anjela nitamsimamia mpaka amalize, hiyo ni ahadi yangu kwako. Pumzika sasa, Baba. Nyumbani kwako tupo, na hakuna wa kututoa.

Mwanao,
Skola