Zaburi Mbio, Zaburi Polepole

Jumanne, 4 Machi

Wameniita! Bwana Ubbens, mwenyekiti wa wazee wa kanisa la kijijini Garmerhuizen, alipiga simu nikitengeneza baiskeli, mikono imejaa grisi. Mzee Klunder anastaafu, wanatafuta mpiga kinanda. Jumapili nicheze ibada, kisha waamue kati yangu na bwana mmoja wa mjini Zwolle.

Kinanda cha mabomba cha Garmerhuizen! Tangu nimalize chuo cha muziki sina kinanda changu. Harusi za watu, misiba ya watu, makanisa ya watu. Nimechoka kuazima. Kile nakitaka, nakitaka mno.

Jelmer, mume wangu, kanikuta jikoni nakoroga sufuria tupu.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi. Baridi kali, glavu zilizokatwa ncha za vidole. Nilifungua mabomba ya sauti ya filimbi peke yake, nikapiga noti moja, nikacheka mwenyewe kama mwehu. Mabomba ya miaka mia tatu, na yana sauti ya mtoto!

Nilimuuliza Mzee Klunder kama waumini wake wanaimba. Akasema wanaimba sana, nisiwe na wasiwasi. Sina wasiwasi. Nina furaha tu!

Jumapili, 9 Machi

Aibu! Lakini aibu tamu — sijui niiteje.

Nilianza zaburi kwa mwendo wa mbio, ule tuliofundishwa chuoni: noti fupi, noti ndefu, inadunda. Nikamaliza ubeti. Kule chini ya roshani ya kinanda wao walikuwa bado mstari wa pili! Wanaimba kama mababu zao, kila noti ndefu sawa na mwenzake, pumzi nzima kwa noti moja. Nilidhani mwendo huo ulishazikwa kila mahali. Na sauti zile! Benchi lilitetemeka chini yangu.

Ninyamaze? Nirudi nyuma? Miguu haikuniuliza. Ikaushika wimbo wao kwenye vibao vya miguuni vya mabomba makubwa, polepole kama wao. Mikono huku juu ikaendelea mbio. Vikapatana! Wao wakaongeza sauti, mimi nikaongeza mabomba. Nilikuwa nacheka huku nalia.

Baadaye kwenye kahawa Bibi Dijksterhuis, mmoja wa wazee wa kanisa, akanibana karibu na biskuti.

"Binti, ulikuwa unawahi treni?"

"Hapana, Bibi. Nilidhani mnaimba kama..."

"Ulidhani tumelala. Hatujalala. Tunakwenda taratibu tu."

Nikamuuliza Mzee Klunder mbona hakunionya.

"Uliniuliza kama wanaimba," akasema. "Si wameimba?"

Jumatatu, 10 Machi

Ubbens kapiga simu. Bwana wa Zwolle alicheza Jumapili iliyotangulia yangu, hakukosea hata noti moja, na hakuna anayekumbuka alichocheza. Mimi wananikumbuka wote! Nusu ya wazee wanasema nimewavuruga. Nusu wanasema hawajaimba hivyo tangu ujana wao. Kwa hiyo nirudi Jumapili, na kura ipigwe baada ya ibada. Akashusha sauti: anayebaki katikati ni Bibi Dijksterhuis.

Jumatano, 12 Machi

Nimeamua. Polepole. Noti ndefu, adabu, mkono haurukiruki. Jelmer anasema hata mezani natafuna kwa noti ndefu, na supu ya njegere imenigandia kwenye bakuli. Acha igande. Nipate kinanda kwanza, ukaidi utafuata.

Jumapili, 16 Machi

Naandika huku juu roshanini kwa penseli, peremende mdomoni. Mahubiri ya hapa ni marefu, na lazima niandike, la sivyo nitapasuka!

Zaburi ya kwanza nilicheza polepole, kama nilivyojiapiza. Wao wakatoka mbio! Kanisa zima, noti fupi, noti ndefu, wanadunda. Wakanipita, wakamaliza, wakaniacha peke yangu navuta mguu kwenye mstari wa pili. Kisha kicheko. Garmerhuizen, ambako hata harusini watu hawacheki!

Ubbens kapanda ngazi kwa kunyata, anajifanya ameleta namba za zaburi.

"Bibi Dijksterhuis aliwaita wote Alhamisi," kaninong'oneza. "Wajifunze mwendo wako. Ametufokea saa nzima."

"Na mimi nimejifunza wenu."

"Tumesikia," akasema, anajizuia kucheka. "Na kura ni baada ya zaburi ya mwisho."

Walijifunza kwa ajili yangu. Wazee wenye magoti mabovu! Macho yamejaa, siuoni vizuri mstari ninaoandika.

Lakini ya mwisho niicheze vipi? Nikienda mbio, huenda wamerudi polepole kwa kunihurumia. Nikienda polepole, wataniacha tena. Nimemtafuta Bibi Dijksterhuis katika kioo kidogo kilicho juu ya kinanda. Naye alikuwa tayari ananitazama. Nikainua mabega: vipi? Akanyoosha kidole kwenye kinanda, kisha kwangu, kama kusema: chako hicho, amua. Akageuka mbele na kufungua kitabu chake.

Mchungaji anasema amina. Sijaamua chochote, wao wanavuta pumzi, na miguu yangu tayari imeshaanza—