Maji ya Wageni

Kijiji cha Itunya,
Sumbawanga Vijijini.
24 Julai 2025.

Mpendwa mdogo wangu Polikarp,

Shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaituma. Mimi dada yako ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo baridi ya mwezi huu imeyashika vibaya. Kila asubuhi nayabembeleza kwanza ndipo nisimame. Wewe hujambo huko Laela? Rahel na watoto wanaendeleaje? Nasikia umepata kibarua cha kupima mahindi kwa mnunuzi mmoja pale stendi. Nimesikia kwa watu, maana simu yangu hupokei tangu siku ya mkutano. Nimepiga mpaka nimechoka. Barua hii ataileta jirani yetu Masalu, anayekuja huko kuuza ng'ombe. Nimemwambia ukikataa kuipokea aisome kwa sauti mbele ya wateja wako, nawe unaijua sauti ya Masalu.

Huku mahindi yako nimeyavuna yote na kuyapandisha darini. Panya wamekula kidogo, lakini si wa kulalamikia. Maharage hayakufanya vizuri. Mlango wa nyumba yako nimeufunga kwa kufuli langu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Habari ya gesi najua hutaki hata kuisikia, ila lazima niiseme, na nitaanzia mbali kidogo. Vumilia, wewe na kichwa chako kigumu kama cha marehemu baba.

Mwaka jana wale wa kampuni ya gesi walipotoboa shimo lao la majaribio nyuma ya shamba letu, walitueleza kwamba gesi imekaa ndani ya mwamba, chini kabisa, na ili itoke ni lazima wasukume maji yenye mchanga na dawa kwa nguvu mpaka mwamba upasuke. Miezi miwili baadaye kisima chetu kikaanza kutoa maji meupe meupe, na ng'ombe wa Masalu wakawa wananusa na kugeuza shingo. Watu wa kaya saba tuliokuwa tunachota pale tukaanza kupanda mpaka chemchemi ya juu na ndoo kichwani. Wewe ukiwa mwenyekiti wa kitongoji ukasimama kwenye mkutano wa hadhara ukasema kampuni isitoboe shimo la pili mpaka maji yapimwe.

Kornel, mwenyekiti wa kijiji, alikujibu vizuri tu, tusimsingizie. Alisema kampuni itachonga barabara, vijana watapata kazi, na akina mama wataacha kukohoa moshi wa kuni. Alisema mwamba unaopasuliwa uko chini kilomita mbili na kisima chetu ni mita kumi na mbili, tena bomba lao limezungushiwa saruji. Wewe ukamuuliza saruji hiyo ikipata ufa nani atashuka kuiziba. Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi, na kijiji kikagawanyika pale pale. Hata kwaya kanisani ilikaa upande upande. Ndipo ukasema lile neno lako, kwamba maji yapimwe, na yakikutwa safi utajiuzulu mwenyewe. Jamani Polikarp! Nani alikutuma?

Basi yakapimwa. Mwezi huu Kornel akasoma karatasi mbele ya watu wote kwamba maji ya kisima cha kaya ya Wiliam ni safi, hayana dawa wala gesi, yanafaa kwa kunywa. Weee, ile kelele! Wakakuita mwongo na mzushi, watoto wakakuimbia Bwana Gesi mpaka mlangoni kwako. Ukajiuzulu kama ulivyosema, na siku ya tatu ukapakia magodoro ukaondoka na familia yako bila kuniaga.

Tangu uondoke, kazi ya shimo la pili imepitishwa, wanaanza mwezi ujao. Na zile kaya saba zimerudi kuchota kisimani, kwa sababu karatasi imesema. Ni mimi tu niliyeendelea kupanda chemchemi. Nikiulizwa nasema nanyoosha magoti.

Juzi Minza, mke wa Masalu, alikuja na mtoto wao mgongoni. Akanishukuru. Alisema Mungu aibariki ile karatasi, maana imempunguzia mlima, na sasa hata uji wa mtoto anaupikia maji ya pale. Alinishukuru mimi, Polikarp, kwa sababu kisima ni chetu. Nilimkaribisha kiti nikashindwa kukaa naye.

Sasa nikwambie. Yule mpimaji aliyetumwa kuchukua maji ya visima, Nestory, alifika kwetu mwezi wa tano saa za mchana, wewe ukiwa mjini. Pikipiki yake ilikuwa imemharibikia njiani, akaisukuma mpaka kwetu, amelowa jasho, maskini. Nikamwekea maharage na ugali wa ulezi. Akatoa chupa mbili, akaniomba nimsaidie kuzijaza kisimani wakati yeye anakula na kuandika fomu yake. Kazi ile ilikuwa ya mikono yake, hapo na yeye alikosea, lakini simsukumii lawama.

Nilichota. Maji yalikuwa meupe, yanapanda vipovu vidogo, yananuka kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Nikaziangalia zile chupa, na juu yake alikuwa ameshabandika karatasi yenye jina la baba yetu. Nikaona watu wa mjini wanaziinua dirishani na kuambiana, tazameni wanachokunywa kwa mzee Wiliam. Aibu ilinishika nikahisi moto masikioni. Unajua mama alivyotulea, kwamba mgeni hapewi maji ya kisima hata siku moja. Ya mgeni yanatoka chemchemi na yanakaa kwenye mtungi wake pale pembeni, yamefunikwa sahani. Nikamwaga ya kisima kwenye migomba. Nikaingia ndani, nikazijaza chupa zote mbili kutoka mtungini, nikamkabidhi. Akaziinua, akanisifu kwamba tuna maji mazuri. Nami nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi!

Nilijidanganya kwamba chupa alizojaza kwa wengine zitasema. Kumbe za wengine zilitoka visima vya ng'ambo ya mto. Za kisima chetu zilikuwa hizo mbili tu. Hilo nimelijua siku ya mkutano, Kornel alipokuwa anasoma. Nilikuwa nimesimama nyuma na akina mama. Uligeuka ukanitafuta kwa macho, nami nikainamisha kichwa. Hapo ndipo nilipokuuza, ndugu yangu, kuliko hata kwenye chupa. Kwenye chupa nilikuwa mjinga. Pale nilikuwa mwoga.

Simaanishi kwamba kampuni imeharibu maji. Sijui. Pengine ni gesi, pengine ni ardhi tu imegeuka. Wewe hujui, Kornel hajui, na wenye mitambo nao hawajui, kwa sababu maji ya kisima kile hayajapimwa mpaka leo.

Jana nilimweleza Kornel. Alisema karatasi imeshapigwa mhuri, na mtu mzima kama mimi nisijiaibishe. Nikamwambia aibu ndiyo iliyotufikisha hapa. Jumamosi kuna mkutano wa kijiji na nitasema yote. Usije kunitetea, wala sikuombi unisamehe haraka, nuna kadiri utakavyo. Ila njoo. Kaa mbele wakuone.

Mwandiko usome hivyo hivyo, naandikia magotini. Tangu alfajiri nimekifunika kisima kwa bati na nimekaa juu yake, na kila anayekuja na ndoo namweleza kwa nini. Minza alikuwa wa kwanza. Hakunitukana; alirudi kwake akauleta uji wa mtoto, akaumwaga mbele yangu, akaondoka. Mpaka sasa nimeshawaeleza watu kumi na mmoja. Wewe ni wa kumi na mbili, na ndiwe niliyekuogopa kuliko wote.

Nisalimie Rahel, mwambie ufunguo wa kufuli la mlango wenu ninao mimi. Wape watoto pole kwa ule wimbo wa Bwana Gesi, na uwaambie shangazi yao atawajibu wenyewe waliouimba. Majirani wanakusalimu, wale wanaoweza kunitazama. Mungu akulinde, ule vizuri, uvae sweta.

Ni mimi dada yako,
Josefina Wiliam