Betri ya Pili na Safari ya Mama

Chumba cha cherehani,
Nyumbani kwetu.
Jumapili, alasiri.

Mpendwa Dada,

Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na hao pacha, meno yametoka au bado wanatafuna kila kitu kwa fizi? Kile kikohozi ulichoniambia kimekwisha? Nakuuliza yote kwa mpigo kwa sababu nikishaanza habari zangu sitarudi nyuma. Sisi huku wazima. Baba watoto yumo karakanani anapiga randa, wanangu wako nje wanagombania baiskeli, na Mama yuko nyuma yangu hapa anakunja nguo. Sukari yake imetulia. Daktari amesema hivyo, na hata yeye mwenyewe amekubali, jambo ambalo si dogo.

Sasa kaa vizuri. Mama anakuja kwako.

Soma tena ukitaka. Amenikataza kukwambia kwa simu. Anasema utalia, halafu mtandao utakatika, na yeye atabaki hajui kama umefurahi au umezimia. Ndiyo maana barua hii anakuletea dereva wa lori la mbao, yule anayemletea shemeji yako mzigo.

Unajua tangu safari ile ya basi, barafu ilipoyeyuka ndani ya chupa ya chai, insulini ikaharibika kwa joto na Mama akaishia kulazwa njiani kwa watu asiowajua, alisema hatavuka tena mji huu. Ulipojifungua, hukuwepo huku kuona alivyokuwa. Alifuma vile vikofia viwili, akanipa nikutumie, kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Sikumfuata.

Basi shemeji yako alimtengenezea kabati mama mmoja aliyekuwa akiuza juisi kwenye gari, na yule mama alipoacha biashara akatuachia sisi friji yake ndogo ya gari. Nikaruka. Nilidhani kazi imekwisha: unachomeka pale pa kuwashia sigara, dawa inakaa baridi, Mama anasafiri. Tukaenda kwa Shangazi kuijaribu. Tukala, tukazungumza, friji ikiendelea kuunguruma garini huku injini imezimwa. Tulipotaka kuondoka, gari likakohoa kidogo kama mtu aliyepaliwa, likanyamaza. Friji ilikuwa imeinyonya betri yote. Majirani wa Shangazi wakatusukuma mpaka kona. Mama alikaa kiti cha mbele na gauni lake zuri, mkoba mapajani, akasema taratibu, "Sasa tofauti na basi ni nini?"

Dada, nilitamani kushuka nitembee kwa miguu.

Fundi wetu wa umeme wa magari tunamwita Cheche. Alitueleza vizuri: friji iwe na betri yake, isiguse ile inayowasha injini. Alitaka atufungie betri ya pili nyuma ya gari, aikaze kwa nati, mambo yaishe. Shemeji yako akakataa katakata. Gari lile ndilo linalobeba milango na madirisha yake, na mbao zikishaanza kupakiwa hakuna kitu kitakachosalimika. Mimi nilikuwa na jambo lingine kichwani. Kuja kwako ni lazima tulale njiani. Tukifika nyumba ya wageni, dawa ya Mama ikalale nje garini? Nilitaka kitu ambacho tutakinyanyua, friji na betri yake, tukaviweka miguuni pa kitanda chake.

Kwa hiyo tukaenda dukani wote wanne: mimi, shemeji yako, Mama na Cheche.

Ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa betri ya kawaida ya gari ndani ya sanduku la plastiki lenye mpini. Shemeji yako akaibeba, akatabasamu tabasamu la mtu anayeumwa mgongo, akairudisha chini. Ya pili nyepesi, ina redio na taa za rangi, na dada muuzaji akatuapia kwamba itaendesha nyumba nzima. Cheche akaigeuza akasoma maandishi ya chini. "Hii ni ya kuchaji simu," akasema. "Kwa friji, haifiki hata chakula cha mchana." Dada muuzaji akazima redio.

Ya tatu ilikuwa ya lithiamu, kama kikapu cha sokoni kwa ukubwa, ina kioo kinachoonyesha umeme unaoingia na unaotoka. Inachajiwa na gari likiwa linatembea, na ukifika inachomekwa ukutani kama simu. Tukaanza kubishana sisi watatu kuhusu waya na fyuzi. Mama akatupita. Akaishika mpini, akainyanyua kwa mkono mmoja, akaanza kutembea nayo katikati ya rafu moja kwa moja mpaka mlangoni. Mlinzi akasimama.

"Mama, hujalipia hiyo."

"Napima," akamjibu, akageuka akarudi nayo taratibu. Akaiweka mezani. "Hii naiweza. Zile nyingine nitamtegemea mtu."

Hapo ndipo uamuzi ulipopita.

Cheche akavuta waya mnene kutoka mbele mpaka nyuma ya gari, kwa sababu ule wa pale pa sigara ni mwembamba na ungeijaza betri kwa kusuasua. Akaweka na kifaa kidogo kinachokata umeme injini ikizimwa, ili mambo ya kwa Shangazi yasijirudie.

Usifikiri yote yalikwenda kama maji. Tuliijaribu kwanza chumbani kwa Mama, ndani ya friji tumeweka vikombe vya maji tu na kipimajoto. Asubuhi nikasikia ananiita. Kikombe kilichoegemea ukuta wa friji kilikuwa barafu tupu. Unajua insulini ikishaganda ni ya kutupa. Mama alikuwa amekishika mkononi, hata hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. "Basi, mwanangu," akaniambia. "Mmejitahidi."

Nilikataa, Dada. Nilikaa sakafuni na ile friji siku nzima, vitambaa vya wateja vikiningoja. Nikagundua yule mama wa juisi alikuwa ameiweka kwenye baridi ya mwisho. Nikapandisha joto lake kidogo kidogo, nikashona kifuko kinene cha kutilia dawa, kikae katikati kisiguse kuta, nikapima, nikapima tena. Kipimajoto kikatulia pale pale daktari anapotaka, na hakikusogea tena.

Juzi tukarudi kwa Shangazi. Tuliegesha juani makusudi, tukashinda huko kutwa. Wakati wa kuondoka ukafika. Shemeji yako akazungusha ufunguo, gari likawaka pale pale. Mama akafungua friji, akatia mkono kwenye kifuko, akashika ile chupa ndogo ya dawa. Bado ilikuwa baridi. Kisha akamgeukia Shangazi. "Lile sanduku lako kubwa la nguo," akasema, "niazime. Langu halitatosha."

Tutaondoka Ijumaa asubuhi, na Jumamosi jioni, Mungu akipenda, tutakuwa mlangoni kwako. Umwombe shemeji atutafutie nafasi ya kuegesha karibu na nyumba, na soketi moja isiyochezacheza.

Shangazi anakusalimu sana. Shemeji yako anakusalimu. Anawatengenezea pacha kitu cha mbao ambacho sitakitaja. Wanangu wanauliza kama watoto wako wanaweza kupanda baiskeli. Nisalimie shemeji, na yule jirani yako aliyekupikia uji ulipotoka hospitali. Mama hajamsahau. Mungu awape usingizi mwororo na afya, na atufungulie njia.

Mama ameacha kukunja nguo, amesimama begani kwangu, anataka niandike hili kama anavyolisema. Siku tutakayofika pacha watalala chumbani kwake. Wakilia ataamka yeye. Hataki kukuona ukichungulia mlangoni. Wewe utalala mpaka utakapochoka kulala.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, nitakayekuwa kwenye usukani,

Kitindamimba