Bandeji ya Ng'ombe

Jumatatu, 7 Julai 2025
Kitale. Daktari Cheptoo ameupa ugonjwa wangu jina: sonona. Kwa Kiingereza anauita depresheni. Nilitarajia malaria au sukari — kitu cha kusimulia watu. Ati si uvivu, si laana, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Nimeze vidonge, nisiviache nikiona havifanyi kitu. Huchukua wiki kadhaa. Nitembee kila asubuhi. Na nimwambie mtu mwingine, si mke wangu tu. Hilo la mwisho nimelikataa kimoyomoyo. Nauza dawa za mifugo hapa Ndalu. Nani atanunua dawa kwa mtu anayetibiwa kichwa?

Jumatano, 9 Julai
Duka limefungwa siku nyingi na maswali yameanza. Akina mama wa kanisa wametuma habari: kesho wanakuja kumwona mgonjwa. Mke wangu Edah akachanganyikiwa. "Baba Fridah, wataulizia pahali unaumwa. Nitawaonyesha nini?" Kabla sijajibu ameleta bandeji ya dukani — ile ya buluu, ya ng'ombe — akanifunga mguu wa kushoto, kifundo hadi goti. Niliteleza kwenye matope, mguu ukavunjika. Ndiyo habari yetu.

Nilicheka. Sikumbuki nilicheka lini mara ya mwisho. Halafu nikalia, bandeji mguuni. Edah akaketi nami mpaka nikanyamaza.

Alhamisi, 10 Julai
Sebule ilijaa. Mguu umeombewa mpaka ukatoa jasho. Mama Jentrix, kiongozi wao, aliushika na kuuamuru upone. Mikate imejaa mezani. Hakuna aliyeuliza kama nalala.

Sasa kuna shida. Mtu aliyevunjika hatembei asubuhi! Na Mama Jentrix anaishi mkabala na lango letu.

Jumamosi, 12 Julai
Natembea ndani ya mahindi. Yamenipita urefu, mbolea oyee. Nikisikia mtu barabarani nachechemea, ingawa hanioni. Jana nilichechemea na mguu wa kulia.

Chai ya leo ilikuwa na ladha. Naandika nisije nikasahau.

Jumanne, 15 Julai
Kaka yangu Absalom amekuja kutoka Chwele na jogoo, kumwona mgonjwa. Hakunikuta nyumbani. Alinikuta katikati ya mahindi natembea mbio mbio, bandeji imefunguka inaburutika nyuma.

"Wekoye, si huo mguu umevunjika?"

Ningesema umepona, akina mama wangefurahi. Nikachoka kudanganya. Nikamwambia mguu ni mzima, mgonjwa ni mimi. Kwamba kuna asubuhi sioni sababu ya kuamka. Daktari anasema ni ugonjwa na una dawa. Hata jogoo nilimwonea aibu.

Absalom aliketi udongoni na suruali yake ya kanisani, jogoo mapajani. Huyu ndiye aliyetunyamazisha sote tulipomzika mama. Akauliza, macho kwa jogoo, daktari huyo yuko wapi. Kitale, nikasema. Akauliza kama mtu wa Chwele anapokelewa. Nikasema anapokelewa. Akauliza tena.

Kisha akakunja suruali mpaka gotini.

"Hiyo kitu, Edah alibakisha ingine?"

Alibakisha. Tuko sebuleni sasa, miguu miwili ya buluu juu ya stuli moja. Naandika haraka — akina mama wamerudi, wako langoni, wimbo wameshauanza. Kesho kutwa nampeleka Kitale. Absalom amenishika mkono, hajanishika hivi tangu tukiwa watoto, na ananong'ona: "Wangu tuseme uliumia wapi?"