Chumba Kisicho na Mlango

Dada yangu uliye mbali,

Sisi tupo, goti la Mama tu ndilo linalosumbua. Ule mkusanyiko wa makala za marehemu Baba kuhusu usanifu wa majengo, niliouhariri mwenyewe, sasa unafundishwa vyuoni. Nilitanguliza ile makala anamosema kila nyumba iachiwe chumba kisicho na mlango, cha yule asiyekuwepo. Niliyapenda maneno hayo kama shairi. Wasomi bwana! Wameyafanya sheria, na kila jengo jipya lina chumba kilichozibwa. Msanifu mmoja kijana, kwa kumuenzi Baba, alitujengea chetu nyuma ya jiko.

Mama huegemea ukuta ule akimenya viazi na kupiga soga nao. Nikasema ni uzee. Juzi, mchana kweupe, nikasikia kicheko ndani ya ukuta.

"Unashtuka nini?" Mama akaniuliza. "Si dada yako huyo? Amefika."

Kicheko kilikuwa chako, kile cha kukwama kooni. Na barua zako zilikatika tangu fundi alipoweka tofali la mwisho. Sitaki zawadi, dada. Niandikie neno moja tu, kwamba bado uko huko.

Ni mimi, kitinda mimba wenu