Barua kwa Mama wa Chengo

Jumatatu, 4 Machi 1946
Barua saba kabla ya adhuhuri. Meza yangu penye lango la hospitali ina kivuli, alhamdulillahi. Miaka ishirini ualimu, sita ukarani wa forodha, sasa mwandishi wa barua za watu. Sitarajii kazi nyingine.
Daktari ameniita nimfasirie. Mgonjwa ni Saidi, mwana wa jirani yangu Bi Rukia. Nilimfundisha kusoma. Tangu arudi vitani Burma hajatamka neno. Asiposema, Jumamosi atapandishwa gari la moshi, apelekwe hospitali ya wendawazimu huko bara.

Jumanne, 5 Machi
Nimekosea. Nilisimama mbele yake kama niko darasani. "Keti vizuri. Jibu unapoulizwa." Akaketi vizuri. Hakujibu. Nimejiona mjinga.
Bi Rukia alinikamata langoni. "Mwalimu, wakimpeleka bara sitamwona tena." Akanieleza kuwa Chengo, rafiki wa Saidi, alifia huko huko vitani. Mama yake Chengo amekuja mara mbili kutoka Kisauni kuuliza habari. Saidi humtazama tu.

Jumatano, 6 Machi
Sikuuliza kitu. Nilichukua karatasi na wino, nikaketi kando ya kitanda. Nikamwambia tunamwandikia mama wa Chengo. Nikaanza kama nianzavyo barua zote, nikisoma kwa sauti: "Baada ya salamu nyingi, mimi ni mzima wa afya..."
"Futa, Mwalimu."
Saidi! Wino ukanimwagikia kanzuni.
"Mimi si mzima. Usimwongopee mama wa watu."
Nimefuta. Miaka yote hii nawaandikia watu maneno hayo, wala sikupata kumwuliza mmoja kama ni kweli.
Akasema mistari minne, nikaiandika. Nimerudi nyumbani nusura nikimbie, mtu mzima mimi. Muuza kahawa: "Mwalimu, kuna moto?" Nikamjibu upo.

Alhamisi, 7 Machi
Kurasa tatu! Alilia. Darasani ningemkanya. Leo nilimwacha alie.
Daktari alitaka nimfasirie barua. Nilikataa mpaka Saidi mwenyewe aliporidhia. Daktari akasikiliza, kisha akaichana hati ya kumpeleka Saidi bara. Anataka nije kila asubuhi, nikae na wagonjwa wengine wanne. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Ni utovu wa adabu. Sijali.
Barazani habari imenitangulia. Wenzangu wakanitania: "Sasa wawafundisha wendawazimu sarufi?" Nikacheka mpaka kahawa ikanipalia.

Jumamosi, 9 Machi
Gari la moshi limeondoka. Saidi yupo.
Mama wa Chengo amekuja. Hajui kusoma, Saidi akaniomba nisome. Nilisoma kila neno kama lilivyo. Alifunika uso kwa leso yake, kisha akamshika Saidi mkono.
Akataka kumjibu, hapo hapo, kwa barua. Nikachovya kalamu. Sikuandika 'mimi ni mzima wa afya'. Nilimwuliza hali yake, nikangoja.